Kutu Chini ya Presha

Jumatatu, 12 Mei
Mzee Mohamadi anaondoka Jumamosi kwenda Hija. Gereji itabaki na nani? Mimi au Faruk. Mzee amesema funguo atampa mwenye kichwa kilichotulia. Faruk hana kichwa, ana mikono tu. Ila mikono hiyo inachomelea vizuri kuliko yangu, na hilo linaniuma.

Jioni bahati imebisha hodi. Khadidja, binti wa dada yangu anayesoma kemia chuo kikuu, amekuja kula kwetu Buyenzi. Kumbe kutu ni chuma kilichoshikana na oksijeni! Na chini kabisa ya dunia, penye presha ya kutisha, chuma kinabeba oksijeni kupita kiasi tunachokijua, na madini mengine yanageuka peroksidi imara. Vitu ambavyo huku juu havikai! Nimeuliza presha ngapi. Akasema nichukue ya tairi, nizidishe mara laki tatu. Nikamkumbusha kwamba tuna presi ya haidroliki.

"Apana, Tonton," akanijibu mimi mjomba wake. "Wale wa maabara wanafinya kapunje kadogo katikati ya almasi mbili. Na wakiachilia, mara mingi inarudi vile ilikuwa."

Wasomi kwa kukatisha tamaa! Kutu tunayo tele. Mzee akiona nimemtengenezea chuma kipya, funguo ni zangu.

Jumatano, 14 Mei
Nimekwangua kutu ya Toyota Carina nzima. Nikaiweka chini ya presi, nikakaza hadi jasho. Presi ikalia, ikanitemea mafuta kwenye suruali. Kilichotoka ni kitumbua cha kutu. Kukigusa tu, kikamomonyoka. Faruk ameuliza kama ninakiuza na chai. Kisha akabadilisha sili ya presi iliyovujisha mafuta, bila kuombwa, Mzee akimtazama. Mnafiki mkubwa!

Kosa nimeligundua. Oksijeni ilikuwa haba. Mke wangu Zubeda ana saluni, na saluni ina peroksidi ya kupausha nywele. Chupa kubwa. Hataona.

Ijumaa, 16 Mei
Siku niliyoichagua kwa akili. Anayekwenda Hija huzunguka akiomba radhi kwa kila mtu, na Mzee anazunguka tangu juzi kwa kanzu nyeupe. Mtu anayeomba msamaha hawezi kugomba!

Nimetia kutu kwenye bomba nene, nikamimina peroksidi ya Zubeda, nikakaza kizibo. Bomba likapata moto lenyewe. Presha! Nikaanza kucheka. Hapo hapo Mzee akaingia kuniomba radhi.

Kizibo kimetoboa bati. Povu la rangi ya chungwa likapanda, likashuka lote juu ya Mzee. Kofia, ndevu, kanzu. Mzee akafumba macho, midomo ikisoma kitu.

"Twalibu mwanangu," akasema mwishowe, "kama niliisha kukukosea siku yoyote, unisamehe."

Nikamsamehe. Ningefanyaje?

Khadidja anasema sikutengeneza kitu chochote. Kutu inaivunja peroksidi ile, oksijeni inatoka mbio, basi. Zubeda hasemi nami kabisa. Amegundua chupa.

Jumamosi, 17 Mei
Funguo kapewa Faruk. Mbele ya watu! Nimeumia, sifichi. Miaka yote ya kulala chini ya magari, halafu hivi. Mzee alinishika mkono, akaahidi kuniombea sana kule aendako. Faruk hakuahidiwa hivyo, kwa hiyo kwa dua nimemshinda. Ndevu za Mzee zimepauka upande mmoja.

Faruk hakukawia kuringa. Funguo zote, za gereji na za magari ya wateja, eti amezificha katikati ya takataka, mahali ambapo mwizi hawezi kupafikiria. Upuuzi mtupu.

Jumatatu, 19 Mei
Wazo! Ziwa Tanganyika! Maji yote yale yakikalia kutu, itakataa? Khadidja anasema hata kilindini presha haifiki mara mia ya tairi. Ameshuka lini kupima?

Nimejaza kutu kwenye chupa. Ukabaki uzito wa kuizamisha. Jioni, Faruk alipokwisha kufunga, nimeona kopo la maziwa ya unga ndani ya lundo la vyuma chakavu nyuma ya gereji. Limefungwa kwa waya. Zito, ukilitikisa linalia. Misumari yake, bila shaka. Nimelibeba. Hatakufa kwa kukosa misumari.

Jumanne, 20 Mei
Jamaa wa boti amenipeleka mbali kweli. Kopo na chupa vimezama vizuri ajabu. Kamba imekatika, lakini si neno. Kutu iko kazini huko chini, mimi ni wa kusubiri tu.

Kurudi, nimekuta gereji imefungwa na wateja wamejaa langoni wakidai magari yao. Faruk amepiga magoti kwenye vyuma chakavu, anapekua, jasho linamtiririka. Nimemuuliza anatafuta nini. Hataki kusema. Nimemhurumia, nikamwambia kwa upole kwamba ndiyo maana Mzee alitaka mtu mwenye kichwa kilichotulia.