Nilivyowanyima Kura Yangu

Jumapili, 4 Oktoba 2009

Misa imeisha, katekista katangaza: uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa umeanza, ofisi ya kitongoji, mwisho Jumapili ijayo. Watu wakaenda moja kwa moja kama wamesikia kuna mbegu za bure. Mimi nikabaki kwenye benchi. Upuuzi! Uchaguzi uliopita mwenyekiti wetu Bonaventura alipata kura nyingi kuliko watu tulionao, wakiwemo marehemu niliowazika kwa mikono yangu. Leo nikajiandikishe nihesabiwe pamoja nao? Mimi Sulle sichezewi hivyo.

Letisia, mke wangu, kajiandikisha. Kasema safari hii mama Judica, yule mjane wa kule juu, anagombea uenyekiti dhidi ya Bonaventura, na akishinda bonde la maji halitakodishwa kwa tajiri wa vitunguu saumu. Nikamwambia bonde lile limenywesha ng'ombe tangu enzi za babu zetu, nani atalizungushia waya? Tena kura zitaibwa. Kanijibu kwamba kura iliyoibwa angalau imemtoa mwizi jasho, lakini isiyopigwa amepewa bure. Sijui haya maneno anayatoa wapi. Jumuiya hizi za akina mama! Nikatoka kwenda kuangalia zizi, ambalo nilikuwa nimetoka kuliangalia.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimepata mpango! Nimezunguka nyumba tangu asubuhi, siwezi kukaa.

Mtu mmoja akigoma anaitwa mvivu. Wengi wakigoma ni ujumbe. Nusu ya kitongoji wasipojiandikisha, wilaya itaona aibu. Mkuu wa wilaya atapanda huku kwetu Tumati mwenyewe na gari, aulize nani anawaongoza hawa watu wenye msimamo. Nitajitokeza polepole, bila haraka. Koti nimeshachagua.

Na watu wa kuanzia ninao. Kwetu mwenye akili hafugi ng'ombe wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia, umekwisha. Unamweka mmoja kwa huyu, mwingine kwa yule. Yeye anakamua, maziwa yake, samadi yake, ndama wako. Na anayekunywa maziwa ya ng'ombe wako hakukatalii neno hivi hivi. Mimi nimeweka kwa Tito, kwa mama Bernadina na kwa mzee Hhando. Ni kupita tu na kusema.

Alhamisi, 8 Oktoba

Ziara imefanikiwa. Tito alianza ubishi, eti na yeye ananywesha pale bondeni, anamtaka Judica. Sikubishana. Nikamsifu ng'ombe wangu alivyonenepa. Nikasema nimeanza kumkumbuka. Tito kaelewa. Mama Bernadina kauliza Padri anasemaje. Nikamwambia Padri ana mambo yake mengi.

Mzee Hhando alikuwa mgumu. Nikampa shikamoo, kaitikia, kanipa kigoda na maharage. Nilipomaliza hoja zangu akaondoa bakuli langu. Kisha kasema amepiga kura tangu ujana wake, hajawahi kuruka hata moja, nzuri na mbaya. Lakini maziwa ya wajukuu wake yanatoka kwangu, basi nyumba yake yote itatulia. Nyumba yote! Wana, wakwe, wote! Huu ni ushindi mkubwa.

Njiani nilijisikia vibaya moyoni. Nadhani ni yale maharage.

Jumamosi, 10 Oktoba

Ajabu ya mwaka. Bonaventura, ambaye hatujasalimiana tangu dume lake lilipomaliza mahindi yangu, kaniita sokoni mbele ya watu. Kanishika mkono kwa mikono miwili. Kaagiza chai na maandazi. Kasema amesikia nina msimamo, na nchi hii inahitaji watu wa namna yangu, nisirudi nyuma.

Masikini ya Mungu! Hajui kwamba ni yeye ninayemwangusha. Nikaagiza andazi lingine kwa hesabu yake.

Nyumbani Letisia kauliza Bonaventura anafurahia nini. Nikamwambia ni woga, mtu mwenye woga hucheka sana. Hakucheka. Kaniomba kesho twende wote ofisini, ni siku ya mwisho. Kaniomba kwa upole, jambo ambalo si kawaida yake, nikaogopa kidogo. Nikamwambia kesho nina shughuli. Shughuli yenyewe ni kukaa nyumbani kwa msimamo.

Jumatatu, 12 Oktoba

Balaa! Nimepeleka ng'ombe bondeni, nimekuta vigingi vyenye rangi nyekundu kuanzia kwenye chemchemi mpaka kwenye njia yangu. Njia YANGU! Nilidhani kama ni waya, utakuwa upande wa Tito.

Kulikuwa na mpimaji, kijana mstaarabu. Kasema waya utawekwa baada ya uchaguzi, ila mwenyekiti amemtaka apime mapema kwa sababu ana uhakika. Kuna jamaa wa huku amemsaidia kupunguza wapiga kura wa yule mama. Nikamuuliza jamaa gani. Kasema jina hajui, ila anasifiwa kwa msimamo.

Nimekimbia mpaka ofisini, ng'ombe nimewaacha hapo hapo. Mwandikishaji ni Julius, mtoto wa dada yangu. Shikamoo mjomba. Marahaba, niandike haraka. Kasema daftari limefungwa jana jioni, na kwamba alichelewa kulifunga makusudi akiangalia njia ya kwetu. Nikamkumbusha ni nani aliyemsomesha. Kasema ni mama yake. Watoto wa siku hizi!

Nimerudi, ng'ombe wamekula viazi vya jirani.

Jumanne, 20 Oktoba

Nampigia kampeni mama Judica kwa nguvu zote. Silali vizuri, sili vizuri, miguu inatembea yenyewe. Leo nimemwendea Tito, nimemweleza umuhimu wa kura kwa maendeleo ya taifa. Kanitazama kama mtu anayetazama mbuzi juu ya paa. Kila nyumba inayonisikiliza haikujiandikisha. Iliyojiandikisha hainisikilizi.

Mwisho nimekwenda kwa Judica mwenyewe kuomba maelekezo. Kanipokea vizuri, kanishukuru, na kaniomba sana mpaka Jumapili nikae nyumbani.

Jumapili, 25 Oktoba

Siku ya kura. Nilikuwa na mpango wa mwisho. Kaka yangu Agustino alijiandikisha alipokuja kumwona mama, kisha akarudi kwenye biashara zake Katesh. Sura zetu zinafanana. Nikavaa kofia, nikapanga foleni. Huu si wizi. Ni kura ya ukoo wetu.

Nilipofika mezani nikasema kwa sauti nzito kwamba mimi ni Agustino. Julius akainama, mabega yakawa yanatikisika. Nyuma yangu mtu akauliza, basi yeye ni nani? Agustino! Alilala Mbulu mjini jana, asubuhi kapanda bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Kaacha duka siku nzima kwa ajili ya karatasi moja! Foleni yote ikacheka. Mama yetu alikuwa kwenye foleni.

Nikabaki kusubiri kura zihesabiwe. Humo ndimo wizi ulimo, nami nilijiandaa kupiga kelele. Akina mama wa Judica walizunguka meza tangu asubuhi na watoto mgongoni. Sanduku liligeuzwa juu chini kabla ya kazi kuanza, watu wote wakaona ni tupu. Jioni kura zikasomwa moja moja, kila moja ikainuliwa juu. Nikakodoa macho mpaka yakauma. Hakuna wizi! Hakuna marehemu hata mmoja! Bonaventura kashinda kwa kura sita.

Jambo hili limeniuma kuliko kuibiwa. Nilianza kuhesabu watu wa nyumba ya mzee Hhando, nikafika kwa mkwe wa pili, nikaacha. Letisia alikuwa ananitazama. Tumerudi nyumbani kila mtu na njia yake.

Alhamisi, 29 Oktoba

Waya umewekwa. Sasa maji ni mtoni, kule ng'ambo ya mlima. Letisia na binti yetu Irene wanatoka na ng'ombe alfajiri, wanarudi jua limeshakuwa kali.

Mzee Hhando kamrudisha ng'ombe. Kamswaga mwenyewe, umri ule, mpaka mlangoni kwangu. Nilimwambia sijamdai. Kasema anajua. Kasema alikunywa maziwa yangu na akanilipa kwa sauti ya nyumba yake, hivyo hatudaiani tena. Ng'ombe hana kosa, nimtunze. Nikamwomba angalau akae, anywe chai. Hakukaa.

Kwetu mzee akirudisha ng'ombe ambaye hajadaiwa, watu wanasimulia miaka. Nimelia nyuma ya zizi. Nimeona aibu, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumapili, 1 Novemba

Nimetafakari siku tatu na akili imetulia. Nilikuwa sahihi! Watu wamejiandikisha, wamepiga kura, zimehesabiwa vizuri kabisa, na bonde bado limekwenda. Sasa kura ina faida gani? Nimempa Letisia hoja hii. Alikuwa anafunga kamba ya dumu, akaendelea kufunga.

Baada ya Misa, Bonaventura kaniita pembeni. Mwakani ni uchaguzi mkuu. Anataka msimamo wangu uenee kata nzima, na atanipa baiskeli ya kuzungukia. Nimekubali! Hajui amemkabidhi nani baiskeli. Nusu ya kata wakigoma, aibu itafika mpaka mkoani Babati, na yeye ndiye atakayeulizwa. Safari hii hachomoki. Ng'ombe aliyerudishwa na mzee Hhando pia hana pa kukaa. Namtafutia nyumba yenye watu wazima wengi.

Letisia kauliza kesho nani atapeleka ng'ombe mtoni, maana Irene miguu imemvimba hawezi kuvaa viatu. Nimemwambia mimi sitaweza. Kesho naanza kuzunguka, na nisipowahi, watu watajiandikisha.