Vita Vyangu na Mkwaju Mzee wa Ukunda

Jumatatu, 12 Mei 2025

Leo nimeamua. Mkwaju lazima uanguke!

Si chuki. Ni biashara. Nimefungua hoteli yangu hapa Ukunda kando ya barabara, nikaipaka rangi ya manjano, nikachorewa bango kubwa: mimi, Swabir, nikitabasamu na sahani ya pilau. Mchoraji amenipa meno mengi kuliko niliyo nayo, lakini nimemsamehe. Bango ni zuri. Tatizo ni kwamba halionekani. Mbele yake umesimama mkwaju uliokuwepo kabla ya lami, kabla ya umeme, kabla ya mtu yeyote hapa kujua neno kiwanja. Anayepita kwa gari huona matawi, halafu sikio langu moja, halafu ameshafika Diani.

Na chini ya mkwaju yuko nani? Chirau! Chirau muuza viazi vya karai na mahamri. Nilisoma naye Kurani chuoni tungali wadogo, na tangu siku hizo ana bahati asiyoistahili. Mimi nina paa la mabati na feni inayokwaruza. Yeye ana kivuli cha bure chenye upepo. Wateja wanakwenda wapi? Kwake, bila shaka.

Mti wenyewe ni mgonjwa. Shina lina pango ambalo mbuzi anaweza kulala. Tawi moja kubwa, lile la juu ya mabenchi ya Chirau, limekauka kabisa. Basi nikaenda ofisi ya kaunti, nikasema mimi kama mwananchi sipati usingizi kwa kuwahofia majirani zangu. Nikataja watoto wa shule. Nikataja wajawazito. Hakuna mjamzito anayekaa pale, lakini angeweza kuwepo.

Wamesema kesho watamtuma mtaalamu. Nimekula chakula cha jioni kwa raha. Mkwaju, kwaheri!

Jumanne, 13 Mei

Mtaalamu amekuja. Dada mmoja wa kutoka bara, jina lake Cynthia. Buti, kofia ngumu, nyundo ya mpira. Nikamwekea chai na kaimati hata kabla hajashuka kwenye pikipiki. Akasema atakunywa baadaye. Hakunywa.

Aliuzunguka mti akiugonga kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Akaweka sikio. Akapenyeza chuma chembamba. Mimi nyuma yake, nikitikisa kichwa kwa masikitiko kila alipogonga.

"Hii mti iko poa," akasema.

Nikamsahihisha: mti huu, na si iko, ni uko.

"Sawa. Hii mti huu iko poa."

Nikamwonyesha pango. Akaeleza kwamba mti mzee kuoza moyo ni jambo la kawaida. Kinachoushikilia ni ukuta wa mbao ulio hai huko nje, na ukuta wa mkwaju huu ni mnene. Bomba nalo ni tupu ndani, akasema, na mbona halivunjiki? Halafu humo pangoni wanalala komba. Kuukata mti ni kuwabomolea nyumba. Nyumba! Ya komba!

Hatari ni tawi moja tu, lile lililokauka. Litakatwa Jumatano ya wiki ijayo gari la ngazi likipatikana, na matawi mengine yatapunguzwa ili mti usibebe uzito mwingi. Mpaka hapo asikae mtu chini yake. Akazungusha utepe mwekundu na mweupe upande ule, akamwambia Chirau ahame.

Moyo wangu uliruka. Chirau ahame! Sikuwa nimelifikiria hili. Chirau akabeba karai, akabeba jiko, akabeba mabenchi. Akazunguka mti. Akayaweka yote mbele ya mlango wangu.

Nikamwuliza Cynthia kama hiyo ni halali. Akasema upande huo ni salama kabisa.

Alhamisi, 15 Mei

Nanusa viazi vya mtu mwingine mlangoni kwangu tangu juzi. Wateja wanakaa kwenye viti vyangu wakila mahamri yake. Mmoja ameniomba maji. Ya bure.

Sayansi imenishinda. Nimegeukia majini. Asubuhi nikamnong'oneza Bi Zainabu, jirani yetu anayeshona nguo, kwamba usiku nimesikia sauti ya mwanamke akilia ndani ya mkwaju. Nikamsihi asimwambie mtu. Hakuna njia ya kasi kuliko hiyo.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Watu wataogopa, watadai mti ukatwe. Kufika alasiri, umati! Hakuna aliyeogopa hata mmoja. Wote wanataka kumsikia jini. Wamekuja mpaka watu wa Kombani. Na mtu anayemsubiri jini huona njaa. Chirau ameishiwa unga, akaja kuniomba wangu. Nilikataa. Mke wangu Mwanaima akampa.

Halafu ustadhi wa msikitini akaniita pembeni. Akaniambia kwa upole kwamba uongo ni dhambi. Sauti ile ni ya komba, akasema, na kila anayeamka kwa swala ya alfajiri anaijua. Pengine wewe huijui, akasema.

Ijumaa, 16 Mei

Leo siandiki. Aibu.

Haya, nitaandika kidogo.

Mpango ulikuwa safi. Saa ya swala ya Ijumaa barabara huwa tupu. Niingie pangoni na patasi, niuchonge ule ukuta mnene uwe mwembamba. Cynthia akija kupima tena, atalia. Kuhusu kuikosa swala, nilitubu mapema kabla ya kuikosa. Nilieleza kwamba ni dharura.

Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Tumbo likakataa. Pilau yangu mwenyewe imenisaliti! Nikasukuma, nikakwama. Miguu nje, kichwa gizani. Mbele yangu macho mawili makubwa, mekundu. Halafu mengine mawili. Halafu mengine. Ukoo mzima wa komba umeamshwa usingizini.

Watu husema fulani amelewa kama komba. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba komba akishtuka hukojoa. Hukojoa.

Nilipiga ukelele. Waliokuwa wakitoka msikitini wakasikia sauti inalia ndani ya mkwaju. Kumbe jini yupo! Bi Zainabu akazimia, akichagua kwanza mahali safi. Wengine walikimbia, wengine walitoa simu. Aliyetambua miguu yangu ni Chirau. Akasema kwa utulivu kwamba jini huyu anavaa kandambili zilizoshonwa kwa waya. Akanimwagia kiunoni mafuta ya kukaangia, yaliyopoa, alhamdulillahi, akanivuta kama anayemtoa pweza mwambani.

"Ulikuwa ukifanya nini humo, Swabir?"

Nikamwambia nilikuwa nikikagua usalama.

"Na patasi?"

Patasi nimeiokota humo humo.

Mwanaima ameniwekea maji ya kuoga nje ya nyumba.

Jumapili, 18 Mei

Video imefika Lungalunga. Shemeji yangu amepiga simu kutoka Msambweni. Alicheka, akakata.

Chirau sasa ni shujaa. Anakaa mlangoni kwangu akisimulia toka asubuhi, na kila akisimulia tumbo langu linaongezeka. Siwezi tena. Aondoke! Hata kama ni kurudi chini ya mti.

Chini ya mti! Mbona sikufikiria?

Alipokwenda kuswali alasiri nikaufungua ule utepe, nikaukunja vizuri, nikausukuma chini ya kitanda chetu. Aliporudi nikamwambia kwamba Cynthia amenipigia simu: wamepima upya, tawi halina neno, anaweza kurudi kwenye kivuli chake. Akauliza kama nina hakika. Sikuapa. Nilisema bila shaka. Kuna tofauti.

Amehamisha mabenchi. Mlango wangu u wazi tena, na nimeuza chai. Tawi limekaa pale miaka yote hiyo. Lishindwe kukaa mpaka Jumatano?

Jumatatu, 19 Mei

Mvua ilinyesha hadi alfajiri, kisha upepo wa kusi. Nilikuwa nikifungua madirisha nikamwona Mwanaima wangu kwenye benchi la Chirau, chini ya tawi, anakula mahamri na mbaazi. Kwanza nilikasirika. Mke wangu! Mahamri ya Chirau! Yangu yana kasoro gani?

Hapo mti ukalia. Si komba. Mlio mkavu, kama mfupa.

Sikujua kama miguu yangu inaweza kukimbia hivyo. Maneno yote yalinitoka kichwani isipokuwa jina lake. "Mwanaima! Mwanaima! Mwanaima!" Yeye akainuka akaja kwangu kunigombeza, maana mwanamume mwenye adabu hamwiti mkewe hivyo barabarani. Na wote waliokuwa benchini wakainuka kumfuata ili wasikose ugomvi.

Tawi likashuka nyuma yao. Ardhi ikatikisika. Benchi likawa kuni. Karai likaviringika mpaka barabarani. Chirau alichelewa kwa sababu alikuwa akiepua viazi. Kitagaa cha tawi hilo kilimpiga mkono, ukavunjika.

Nilikaa kwenye matope. Nikamshika Mwanaima mguu, pale pale mbele za watu, nikalia. Leo sina la kuchekesha.

Mchana Cynthia akaja. Akatazama tawi, akatazama mti, akauliza utepe uko wapi. Nikasema ni upepo. Upepo ulikuwa mkali mno, nikasema, ulibeba hata nguo za watu.

Mwanaima akaniangalia. Yeye ndiye anayefagia chini ya kitanda.

Jumatano, 21 Mei

Mwanaima yuko kwao Msambweni. Ameondoka jana na mkoba mdogo na maneno machache: "Ule mti umeoza moyo, lakini haujamdanganya mtu."

Watu hawajui. Kwao mimi ni yule aliyepiga kelele akaokoa roho za waja. Wananipa mkono. Bi Zainabu anaeleza kwamba jini alininong'oneza, na mimi sikumkatalia.

Gari la ngazi limekuja. Nikadhani sasa wataukata wote. Hata umati ulidai hivyo, bila kuchochewa na mimi! Cynthia akasimama juu ya lile tawi akawaambia: kilichoanguka ni kile alichosema kitaanguka, na kingeanguka pasipo na mtu kama utepe ungekuwepo. Mti haukukosea. Mimi nikazichunguza kucha zangu.

Wakakata vyote vilivyokauka, wakaupunguza mti kichwa, wakaacha shina na pango lake, wakajenga uzio mfupi wa mbao ili watu wasikanyage mizizi. Komba wamebaki. Na matawi yakiwa machache, bango langu linaonekana lote! Mtu mmoja amesimamisha gari, akaniuliza kama hapa ndipo wanapong'oa meno.

Jioni nikaenda kumjulia hali Chirau. Mkono una plasta. Nikaanza: Chirau, ule utepe... Akanikatiza. Alijua, akasema. Cynthia hana namba yangu. Ya Chirau ndiyo anayo.

"Sasa ulirudi kwa nini?"

Akaangalia plasta yake. Akasema mlangoni kwangu ile feni ilikuwa ikimwudhi, na alikuwa amekikosa sana kivuli chake. Na alidhani tawi litangoja.

Tulikuwa wapumbavu wawili. Kisha akaniuliza kama naweza kumkaangia viazi mpaka mkono upone. Nimekubali. Nimeshaungua kidole.

Jumamosi, 24 Mei

Nimefika Msambweni kuomba radhi. Nilimwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikia marahaba, akaniacha juani. Nilikuwa nimestahili. Baadaye Mwanaima akatoka. Nikamweleza yote: nimemwendea Chirau, nakaanga viazi vyake kila asubuhi, wateja wanasema nimetia chumvi nyingi. Hakucheka, lakini mdomo ulitaka. Amesema Jumatatu tutarudi pamoja.

Alhamdulillahi! Nimelia tena, kidogo. Nimekuwa mtu mpya. Sitadanganya tena kuhusu mti ule, wallahi. Mara hii nimeapa.

Hapa ukweni kuna mkorosho mzee. Umeinamia ua wa jirani, Mzee Mwero, mwenye kibanda kando ya njia. Ni mahali hasa! Watu hupita hapo kutwa nzima, na wote wana sura ya njaa. Pangefaa sana kwa tawi la pili la hoteli yangu. Mzee Mwero anauza kamba na ndoo tu, angeweza kuziuzia popote.

Alasiri, wote walipolala, nikaugonga mkorosho kwa mchi wa kinu. Nikaweka sikio kama mtaalamu. Mzima kabisa. Utasimama mpaka wajukuu zetu wazeeke.

Mzee Mwero hana habari hiyo. Kesho mapema nitakwenda kumwamkia kwa heshima, nimwulize kama na yeye husikia ule mlio mkavu wa mkorosho.