Chagulaga ya Pili

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mke wangu anahama. Wala hatukugombana. Ametamka akiwa anachambua maharage, kwa sauti ileile anayotumia kusema chumvi imeisha. Pamba ikishauzwa anakwenda Katoro kwa dada yake Paskazia, mwenye mgahawa wa kulisha wachimbaji. Nikauliza atarudi lini. Akasema hajui kama atarudi. Nikauliza nimekosa nini. Akafikiri muda mrefu, tena kwa huruma, akasema hakuna kitu kimoja anachoweza kukitaja. Afadhali angenitukana! Tusi ningelijibu. Mimi Valerian ni mtu wa kujibu.

Godoro lake lilishahamia chumba cha binti yetu Sikujua tangu binti alipoolewa. Nilidhani ni joto.

Mchana nikiwa dukani kwangu hapa Mhunze, ninapouza dawa za mifugo, nikamsikia mshauri wa ndoa redioni. Mama mwenye sauti ya taratibu. Anasema mapenzi ya watu wazima hayafi, yanasinzia tu. Mkitaka yaamke, rudieni yale mliyoyafanya mkiwa vijana. Nikamwacha mteja na matatizo yake ya kupe, nikaenda kukaa nyuma ya duka kuukumbuka ujana wangu. Nilikuwa hatari sana.

Noela ameomba pia nimpeleke Shinyanga goti lake likapigwe picha. Nimemwambia avumilie kwanza, kuna jambo kubwa linakuja. Hakuuliza ni jambo gani. Aliendelea na maharage yake.

Jumatano, 4 Juni

Nimeanza na jina. Zamani aliniita Vale. Siku hizi ni Baba Sikujua asubuhi, Baba Sikujua jioni, utadhani nilizaliwa na mtoto mkononi. Kabla ya chai nikamwambia kuanzia leo aniite Vale. Akanigusa kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Akauliza kama nimeonja dawa ya minyoo ya ng'ombe.

Sikukata tamaa. Zamani nilikuwa nasimama nyuma ya ua wa minyaa wa baba yake, napiga mluzi mara mbili, naye anatoka na ndoo kama mtu anayekwenda kisimani. Jioni hii nikajibanza nyuma ya jiko letu. Nikapiga mluzi uleule. Wakatoka mbwa wa Boaz. Kisha akatoka Boaz mwenyewe, jirani yangu, na fimbo, akisema amesikia wezi wa mbuzi wakiitana. Ilibidi nijitambulishe kwa sauti. Noela hakuacha kusonga ugali.

Wakati wa kula nikamwuliza kama alisikia kitu. Akasema alisikia, akadhani birika limechemka. Kosa ni la pengo. Meno yangu mawili ya mbele yalibaki duarani, ndani ya shimo la dhahabu kule Geita, miaka ile nilipokuwa mchimbaji. Dhahabu sikuiona. Meno sikuyaona tena. Na sasa mluzi nao.

Ijumaa, 6 Juni

Baiskeli! Nashangaa sikuanza nayo. Nilipokuwa namposa Noela nilikuwa na baiskeli nyeusi yenye maua ya plastiki kwenye usukani na redio nyuma, na yeye alikaa kwenye keria akinishika kiuno. Barabara yote ilitutazama.

Nimeazima ya Boaz. Maua sikupata, nikafunga utepe mwekundu tunaowafungia ndama waliochanjwa. Nikamwambia Noela apande nimpeleke kwenye ghala la pamba kuulizia malipo. Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, akasema goti haliwezi. Nikasema goti halina kazi, anayekanyaga ni mimi. Akapanda. Nakiri kwamba alipanda ili yaishe.

Tambarare tulikwenda vizuri. Sikusikia mkono wake kiunoni. Nikamwambia anishike. Akasema ameshika keria, inatosha. Tulipofika kwenye kile kilima cha kokoto mgongo wangu ukalia kama mlango. Akashuka mwenyewe, akaanza kupanda kwa miguu akichechemea.

Hapo ndipo akatokea Sufiani na bajaji. Sufiani anauza vitenge mnadani, amefiwa na mke, babu zake walitoka Ujiji, na kila neno lake limepigwa pasi. Akamwambia Mama Sikujua hali zako, pole na jua, karibu kivulini. Akashuka yeye mwenyewe kumshika mkono apande! Noela akasema ahsante. Ahsante hiyo sijaisikia nyumbani kwangu tangu nabeba matofali ya msingi. Bajaji ikaondoka. Mimi nikasukuma baiskeli ya watu hadi juu, na utepe wa ndama unapepea.

Jumapili, 8 Juni

Nimekaa kanisani ibada nzima na sikusikia mahubiri. Nimepata jibu. Tulikuwa tunazungukazunguka pembeni ya jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni chagulaga. Ndivyo nilivyompata. Siku ya mnada, jua linashuka, wasichana wanarudi nyumbani. Sisi vijana tunawafuata. Tunamzunguka yule tunayemtaka, tunamwambia chagulaga, chagua! Na haondoki mpaka ataje mmoja. Viongozi na mapadri walishapiga vita mchezo huo. Shauri yao. Noela alikuwa na miaka ishirini, tulimzunguka vijana sita, na kati ya sita alinyoosha kidole kwangu. Kwangu! Huku akitetemeka kwa mapenzi. Mtu mwingine ana cheti ukutani, mimi nina kidole kile.

Kwa hiyo Jumatano, siku ya mnada, tunarudia. Nahitaji wanaume wa kushindwa. Boaz amekubali kwa masharti ya supu. Nimemchagua kwa sababu anakoroma hata akiwa macho. Wa pili ni Athanas mwenye bucha. Huyu alikuwepo kwenye wale sita, na nilimshinda alipokuwa bado na kiuno. Sasa ana kitambi cha kuwekea sahani. Alicheka mpaka akaweka kisu chini, akauliza kama nina akili timamu, kisha akauliza Noela anapita saa ngapi.

Jioni Noela ameuliza tena habari ya Shinyanga. Nimemwambia Alhamisi tutazungumza, kwa maana Alhamisi atakuwa mtu mwingine.

Jumatano, 11 Juni



Tulijipanga kwenye njia inayotoka mnadani, pale inapogawanyika. Shati langu jeupe. Mafuta kichwani. Boaz alikuwa ameshakunywa supu. Athanas alikuja amevaa koti! Nilimwambia kazi yake ni kushindwa. Akasema ataona.

Noela akaja. Peke yake? Thubutu. Nyuma yake Sufiani, amembebea kapu la dagaa. Nikasema potelea mbali, tukatoka, tukamzunguka. Nikasema kwa sauti yangu yote, "Chagulaga!" Boaz akaitikia. Athanas akavuta tumbo ndani. Sufiani hakujua mila hii hata kidogo, akadhani tunapanga foleni ya kumsalimia, akasimama kwenye duara na kapu lake.

Noela akatutazama mmoja mmoja. Kisha akacheka! Sikumbuki mara ya mwisho. Alicheka akashika goti, na mimi nikafunga macho nikisubiri kidole. Kidole hakikuja. Nilipofumbua macho alikuwa ameacha kucheka, na alinisogelea ili wale wengine wasisikie, ingawa walisikia.

"Baba Sikujua," akasema, "siku ile sikukuchagua. Giza lilikuwa linaingia na nilikuwa naogopa. Nilitaka kufika nyumbani. Wewe ndiye uliyekuwa umesimama upande wa njia ya kwetu."

Nikamkumbusha jinsi alivyotetemeka.

"Ndicho ninachokwambia," akasema.

Nikawa sina neno. Mimi, mtu wa kujibu. Nadhani aliniona, maana sauti yake ikashuka ikawa ile ya zamani kabisa.

"Kukuchagua nilikuchagua baadaye. Nilipojifungua Sikujua nikashindwa kuinuka, ukawa unafua nepi lamboni mchana kweupe. Wanawake wakakucheka, na wewe ukaendelea kufua. Siku hiyo ndipo nilipokuchagua. Wala hukuniuliza."

Kisha akasema naomba nipite. Wakampisha wote watatu. Mimi sikumpisha, nilikuwa nimesimama tu, akanizunguka. Sufiani akaniambia pole kaka yangu, akamfuata na kapu.

Nepi! Nimekusanya wanaume, nimegharamia supu, nimevaa shati jeupe, yeye ananiletea habari za nepi. Nimejifungia chumbani. Nimelia kidogo. Ni mafuta ya kichwani yalishuka machoni, lakini kulia nako nimelia.

Ijumaa, 13 Juni

Silali. Si kwa sababu ya nepi, hizo nimeziacha. Nawaza upande wa njia. Tulikuwa sita. Kama njia ya kwao ingekuwa upande mwingine, angemtaja nani? Kulikuwa na mtu amesimama upande ule wa pili. Mtu huyo ametembea wilaya yetu nzima ya Kishapu miaka yote hii akijua kwamba mke wangu alikosa kuwa wake kwa hatua chache tu. Nashuku ni Athanas. Lile koti si bure.

Pamba imelipwa. Noela anaondoka Jumatatu kwa basi la asubuhi. Leo amekuja mwenyewe dukani, jambo ambalo halifanyi. Akakaa kwenye gunia la pumba. Akasema begi ni zito na goti ni hili nilijualo, je, siku hiyo naweza kumbebea mpaka stendi? Akaongeza kwamba tukienda taratibu tutapata nafasi ya kuzungumza njiani, maana kuna mambo angependa kuyasikia kutoka kwangu kabla hajapanda. Alisema hivyo akiwa anachezea kifuniko cha chupa ya dawa, bila kunitazama.

Nikamwambia hakuna shida kabisa. Kisha nikamwuliza kama anakumbuka siku ile Athanas alisimama wapi. Akakirudisha kifuniko kwenye chupa yake, akakikaza vizuri, akaenda zake.

Hakukana. Nimeliona hilo.

Jumatatu, 16 Juni

Niliamka mapema, nikavaa, nikamkuta Noela ameshafunga begi. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Nikamwambia napita buchani mara moja, narudi kubeba. Akasema sawa. Akasema, "Usichelewe, Vale."

Vale! Nilikwenda buchani natembea juu juu kama kijana. Hilo lilinipa nguvu ya kumkabili Athanas kisawasawa. Nikamwuliza alisimama wapi. Akasema kumbukumbu imechakaa. Nikamwambia tupange. Tukapanga mifupa juu ya meza yake, mfupa mmoja kwa kila kijana, na katikati tukaweka figo iwe Noela. Athanas akasema yeye alikuwa karibu na mnyaa wa njiani. Nikasema karibu na mnyaa nilikuwa mimi. Akausogeza mfupa wangu. Nikaurudisha. Akasema njia ya kwa kina Noela haikupita pale hata kidogo, ilipita huku, kwenye kisu, kwa hiyo aliyekuwa upande wa njia ni yeye, na kidole kile kilinyooshwa kwake, mimi nikajipitisha mbele! Wateja wawili wakaingia upande wake. Mteja mmoja akanunua figo. Tukaanza upya kwa kipande cha ini.

Niliposikia honi ya basi nilikuwa nakaribia kushinda.

Nimefika nyumbani nikakuta mlango umerudishwa, jiko limefagiwa. Chungu cha maharage kimefunikwa, yangu, ya kutosha mpaka kesho. Nikakaa chini palepale mlangoni. Uchungu ulionipata sitaki kuuandika. Nyumba haikuwa na sauti hata ya kijiko.

Boaz ndiye aliyembebea begi. Amekuja kunisimulia, na macho yake yalikuwa mekundu, ingawa Boaz si mtu wa hisia. Anasema Noela alimsubiri mumewe nyumbani mpaka saa ya basi ikakaribia, ndipo akamwita yeye. Walipofika stendi hakupanda. Alisimama mlangoni mwa basi anatazama njia inayotoka kwetu, kondakta anamfokea, dereva anapiga honi, na bado anatazama tu. Ilibidi kondakta amshike mkono amwingize. Boaz akasema kama ningetokea hata kwa mbali, yeye anaapa, mwanamke yule angeshuka.

Nilimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Nilimshukuru kwa begi. Kisha nikamwuliza jambo moja tu ambalo naona wote wamelisahau: wakati mke wangu anatazama hivyo, yeye Boaz alikuwa amesimama upande gani?