Sadaka Yangu Inatolewa kwa Matone

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Maabara ya Damu ya Kuku,
Chuo cha Mifugo, Faisalabad.

Assalaam alaykum, ndugu yangu. Nakuandikia nikiwa na udhu, nisije nikakosa adabu.

Mume wangu, Baba Tahira, alipozidiwa na kifua, nilimtoa sadaka jogoo wetu mweusi, Kalu. Nilimpa mlinzi wenu Nawaz amchinje, wanawe wale, balaa ituondokee. Nawaz akashindwa kushika kisu, akamleta kwenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jogoo wa sadaka yu hai! Kila Jumanne mnamtoa damu chini ya bawa, kisha mnampa mtama. Nilimuuliza imamu wetu kama sadaka hutolewa kwa matone. Alinitazama, akaomba maji ya kunywa.

2. Hata matone yenyewe hamyatumii yote. Daktari Rukhsana, binti mwenye heshima zake, alinionyesha. Damu inamiminwa taratibu juu ya maji mazito, mashine inazungusha polepole, nyekundu inazama, katikati unabaki ukungu mwembamba. Humo ndimo mna chembe za kinga, askari wa mwili. Ukungu mnaufyonza, nyekundu mnamwaga. Nikamuuliza, sasa Mungu amepokea ipi? Akacheka: "Mama mdogo, mimi nahesabu chembe. Darubini ya thawabu hatujaletewa."

3. Jumanne iliyopita chembe za kugandisha damu zilijipenyeza kwenye ukungu. Binti akasema si safi, akamwaga vyote. Jioni ileile Baba Tahira alikohoa mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi sikusoma sana, ndugu yangu, lakini hilo nalo lataka digrii?

4. Basi pumzi ya mume wangu imo mkononi mwa binti yule. Naomba azungushe polepole zaidi, aanze kwa bismillahi, na simu aiweke mbali. Kama haiwezekani, mchinjeni Kalu Ijumaa hii, nimalizane na Mola wangu.

Nisalimie Daktari Rukhsana, Nawaz na wanawe waliokosa mchuzi, na mama watoto wako, ingawa hatujuani.

Nakuombea heri kila sala,
Hameeda Bibi, nyuma ya kinu cha pamba.

Tanbihi: Msimchinje! Baba Tahira ameamka, amegomba kuwa chai haina sukari, kwa hiyo amepona. Sasa hivi yuko njiani kuja kwenu na zabibu kavu za Kalu, na anasema mwenye kisu atamkuta yeye. Mama mkwe wangu goti linamtesa, na tuna tetea wa kijivu, mnene. Alhamisi mna nafasi?