Kamati ya Mikono Miwili

Serikali ilifurahi kuwatangazia wananchi wote, wa bondeni na wa milimani, wapanda farasi na waendao kwa miguu, kwamba kuanzia baridi hii hakuna mtu atakayehangaika tena kujiuliza kama achomwe chanjo ya mafua na chanjo ya Korona siku moja, au hii leo na ile siku nyingine. Mahangaiko hayo sasa yalikuwa na wenyewe. Ilikuwa imeundwa Kamati ya Kutafakari Sindano Mbili kwa Pamoja, na mwenyekiti wake, Ntate, yaani Bwana, Pheello Ramochele, ndiye aliyelisoma tangazo redioni kwa sauti nzito ya mtu aliyetoka kunywa chai ya moto.

Alilisoma asubuhi, mchana na jioni. Lesotho nzima ikajua kwamba inafikiriwa.

Kamati ilikutana katika mji wa wilaya, kwenye chumba chenye hita ya mafuta ya taa na maandazi ya moto, kwa kuwa fikra nzito hazikai kwenye baridi. Siku ya kwanza aliitwa Sista Nthati, muuguzi wa zahanati, atoe maelezo.

"Mbona madaktari walishalijibu zamani?" akasema Sista Nthati. "Anayetaka anachomwa zote mbili siku moja, moja bega hili, moja bega lile. Litauma kidogo, na kesho yake anaweza kuamka amechoka. Anayetaka kutenganisha, atenganishe. Ila mtu wa mbali ni heri amalize kwa safari moja."

Wajumbe wakatazamana. Ntate Pheello akamshukuru kwa heshima zote, akamfahamisha kwamba ameleta jibu mapema mno, kabla kamati haijaafikiana juu ya swali. Akasindikizwa mpaka mlangoni, na andazi akapewa.

Kazi ikaanza. Kila mtu anajua kwamba mwanaume wa Kisotho akijifunga blanketi lake huweka pini bega la kulia, mkono wa kulia ukabaki nje kwa kazi na salamu, wa kushoto ukalala ndani kwa joto. Sindano ya kwanza haikuwa na ubishi, mkono wa nje upo, achomwe. Lakini ya pili?

"Mkono wa ndani ni mambo ya nyumbani," akasema mjumbe mmoja. "Serikali haiingii humo bila kupiga hodi."

Mwingine akapendekeza blanketi litobolewe tundu la kitaifa. Mjumbe wa utamaduni akatokwa na machozi, kikao kikaahirishwa ili apate chai. Kikao cha pili kilijadili machozi.

Mwishowe ikatoka amri ya muda. Mpaka uamuzi upatikane, chanjo mbili zisichomwe siku moja; zipishane wiki mbili. Na uamuzi wenyewe hautatolewa na mtu yeyote isipokuwa pitso halali, baraza la watu, lenye wazee walioshuka kutoka milimani, lenye waziri ndani yake, kila mtu aseme la moyoni mwake, na msemaji asikatizwe hata na mwenyekiti. Sharti hilo Ntate Pheello alilitunga mwenyewe, akalisoma redioni mara nyingi kuliko taarifa ya hali ya hewa. Kuwakutanisha wazee wa milimani na waziri chini ya dari moja, alijua, ni sawa na kumwoza paka kwa mvua. Usiku ule alilala usingizi wa mtoto. Kwa nini jambo hilo limletee usingizi mtamu namna ile, kamati haikuuliza.

Alhamisi moja ya ubaridi wa kukata masikio, wazee wa kijiji cha Ha Makhalanyane wakashuka mlima kwa farasi, wamejifunga mablanketi mpaka puani. Mbele yao alikuwa mama mmoja mwembamba, mjane wa nguo nyeusi tupu, Mme Mapheello. Mme kwao ni Mama, na jina lake lasema lenyewe: ni mama wa Pheello. Pheello yule yule.

"Sista," alisema zahanati, akikunja mikono yote miwili ya gauni, "choma huku, choma huku. Kesho nageuza farasi. Jumamosi navua nyeusi, pombe ya mtama iko mtungini inachemka."

"Mama yangu, natamani," akajibu Sista Nthati. "Ila kuna amri. Moja leo, nyingine baada ya wiki mbili."

"Amri ya nani?"

Sista Nthati akatazama chini. "Ya mwenyekiti."

"Aa," akasema Mme Mapheello, akateremsha mikono ya gauni polepole. "Basi ngoja nikamsalimie huyo mwenyekiti. Nilimnyonyesha."

Ntate Pheello alimpokea mama yake kwa unyenyekevu, akamvutia kiti karibu na hita, akamweleza kwa upole kuhusu uwiano wa mabega, tathmini ya maumivu na haki za mkono wa ndani. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwepesi wa kusikiliza.

"Nimekuelewa," akasema. "Umesema hapana."

"Sijasema hapana, mama. Nimesema mchakato."

"Pheello. Baba yako mwaka jana alichomwa moja. Ya pili ilikuwa imeisha, wakamwambia arudi baada ya wiki mbili. Mlima ukafungwa kwa theluji. Unakumbuka alivyokohoa?"

Ntate Pheello alikumbuka. Akaigeuzageuza kalamu yake.

"Na mimi kifua changu ni hiki hiki cha moshi wa kuni. Sipandi mlima ule na nusu ya kinga. Zote mbili, au sipandi."

"Basi shughuli ya kuvua nyeusi iahirishwe, mama. Kidogo tu."

"Pombe haiahirishwi, mwanangu. Pombe haisikilizi redio." Akanyanyuka, akakung'uta blanketi. "Tutangoja huo mchakato wako."

"Mtangojea wapi?"

Mme Mapheello akamtazama mwanawe kama mtu anayetazama mbegu iliyokataa kuota. "Mtoto wa kwanza wa marehemu ana nyumba mjini, halafu anauliza wapi."

Sasa ieleweke kwamba Jumamosi hiyo hiyo mheshimiwa waziri alikuwa anakuja kutoka Maseru kula chakula cha mchana nyumbani kwa Ntate Pheello, kumpima kama anafaa ukurugenzi mkuu. Makochi mapya yalikuwa bado ndani ya nailoni zake. Maua yalikuwa yamefunikwa magunia yasiungue kwa baridi. Mkewe, Mme Malineo, alikuwa amefunga mlango wa sebule na ufunguo kauvaa shingoni.

Wazee walipofika alimkabidhi mama mkwe ufunguo huo kwa mikono miwili. Angefanyaje? Mkwe ni mkwe.

"Malineo!" Ntate Pheello alinong'ona jikoni. "Waziri je?"

"Waziri si mama yako," akajibu mkewe. "Kachinje kondoo."

Mme Mapheello akapiga simu kijijini. Ijumaa jioni pombe ikaingia mjini kwa punda, inatoa povu, imechangamka kuliko walioileta. Farasi wakafungwa bustanini. Farasi mmoja mwekundu akanusa magunia, akayavuta, akagundua kwamba waungwana wa mjini wanahifadhi chakula kizuri sana.

Jumamosi theluji ikaanza kudondoka asubuhi. Kabla ya mchana akina mama wakamwingiza Mme Mapheello chumbani, wakamvua nyeusi, wakamfunga blanketi jipya la bluu lenye michoro ya masuke ya mahindi. Alipotoka sebuleni vigelegele vikapasua dari. Na hapo hapo mlango ukagongwa, akaingia waziri, Mme Limpho Tlali, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachoanzia mlangoni, theluji nywele nzima.

Ntate Pheello akaruka. "Mheshimiwa, samahani sana, hapa kuna dharura ndogo ya kifamilia, hawa wataondolewa—"

"Waondolewe waende wapi? Gari langu limezama hapo njiani!" Waziri akavuta pua. "Hii si ni pombe ya mtama? Nisogezeeni kibuyu."

Akaketi sakafuni na akina mama, makochi yakabaki na nailoni yake. Kibuyu cha pili kilipomzungukia alikuwa ameshavua viatu. Alisimulia jinsi alivyokuwa muuguzi miaka mingi kabla siasa haijamharibu, akamwagiza dereva wake amfuate Sista Nthati aje na kisanduku cha baridi, maana alitaka apigwe picha akichanjwa kwa ajili ya magazeti.

Ndipo Mzee Rantsane, aliyekuwa kimya pembeni na redio yake ndogo sikioni, akasimama na fimbo.

"Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kusikiliza tu. Redio ilisema pitso halali inataka wazee kutoka milimani." Akajitazama. "Tupo. Ikasema inataka waziri ndani yake." Akamtazama Mme Limpho, aliyekuwa anagugumia kibuyu. "Waziri yumo, na pombe imo ndani ya waziri. Ikasema kila mtu aseme la moyoni na asikatizwe. Basi mimi nafungua pitso."

"Haiwezekani!" akasema Ntate Pheello. "Hapa ni sebuleni!"

"Mwenyekiti," akasema waziri, akijipangusa povu, "umemkatiza msemaji. Sharti si lako mwenyewe?"

Ntate Pheello akaketi. Lilikuwa sharti lake kweli, na lilikuwa limeandikwa vizuri mno.

Wakasema. Mzee mmoja akasema farasi wake anatembea siku nzima kufika mjini, hajaona farasi anayesafiri bega moja moja. Mama mwingine akasema yeye anataka kutenganisha, maana mkono mmoja ukiuma anabaki na mwingine wa kusongea ugali. Wote wakasema ni sawa, chake ni chake. Sista Nthati, aliyefika na theluji mabegani, akarudia maneno yake ya siku ya kwanza, na safari hii hakupewa andazi, alipewa kibuyu. Akakikataa kwa sababu ya kazi.

"Na wewe mwenyekiti," waziri akauliza, "zako ulichoma bega gani?"

Nje farasi akasikika akitafuna.

"Ofisi ya mwenyekiti," akaanza Ntate Pheello, "kwa kuzingatia haja ya kutoegemea upande wa bega lolote—"

"Huyu?" akasema Mme Mapheello, akasimama na blanketi lake jipya. "Huyu sindano?"

"Mama, tafadhali..."

"Asikatizwe!" wakapiga kelele wazee wote.

Mama akasema la moyoni mwake, bila haraka. Akasimulia jinsi Pheello mdogo alivyosikia wachanjaji wamefika kijijini akajitumbukiza ndani ya kikapu kikubwa cha kuwekea mtama, akajifunika mfuniko. Jinsi walivyomvuta kwa miguu, mtama masikioni, mtama puani, akipiga mayowe kwamba kwanza aulizwe mjomba, kwanza aulizwe chifu, kwanza waulizwe watu wa kijiji cha pili. "Woga huo ni wa upande wa babake," akamalizia. "Shemeji yangu Tsukulu mpaka leo hajashuka mlima. Nilipokuwa naondoka nilimwacha anakipima kikapu kile kile."

Waziri alicheka mpaka akalalia kochi, nailoni ikapasuka.

Pitso ikaamua kwa sauti moja: anayetaka zote siku moja, apewe zote siku moja. Mme Mapheello akawa wa kwanza. Moja huku, moja huku. Hakukunja hata uso. "Sasa mlima ufungwe ukipenda," akasema, akawarudishia wazee kibuyu.

"Mwenyekiti anafuata," akasema waziri, akikunja mikono ya gauni. "Sista, wewe shika kulia. Mimi kushoto. Mikono bado inakumbuka."

"Wawili kwa mpigo?" sauti ya Ntate Pheello ilipanda juu kama ya jogoo mdogo. "Mheshimiwa, napendekeza kwanza iundwe kamati ndogo itakayochunguza—"

"Pheello," mama akamwita, kwa ile sauti ya zamani. "Tazama dirishani. Farasi anakula maua yako."

Akatazama. Kweli yule mwekundu alikuwa anamalizia ua la mwisho, theluji kwenye kope, uso wa mtu aliyeridhika na serikali yake.

"Maua yangu!" akasema Ntate Pheello. Kisha akasema, "Haya, anzeni basi, niko tayari."

"Tumeshamaliza," akajibu waziri.

Wiki iliyofuata serikali ilifurahi kutangaza kwamba Ntate Pheello Ramochele amepandishwa cheo. Kupandishwa kwenyewe kulikuwa kwa kweli: alipandishwa mlima. Aliteuliwa Mkurugenzi Mkuu wa Sindano za Mbali, ofisi yake ikiwa ni farasi mwekundu, apite na Sista Nthati na kisanduku cha baridi kijiji hadi kijiji, kwa wale ambao theluji imewafungia. Mama yake alitangulia mbele kuwaonyesha njia, blanketi la bluu linaonekana toka mbali.

Kituo cha kwanza kilikuwa Ha Makhalanyane. Watu walipanga mstari, wakachanjwa, wakabaki kumwonyesha Ntate Pheello kwa vidole kikapu kikubwa cha mtama nyuma ya nyumba. Mfuniko ulikuwa unatikisika. Kwa pembeni zilichungulia soksi mbili nene, na ndani redio ilikuwa inaongea chinichini.

Ntate Pheello akachuchumaa, akagonga kikapu kwa adabu.

"Baba mdogo Tsukulu. Ni mimi Pheello. Toka, haiumi."

Redio ikazimwa. Kikapu kikakohoa, kikasafisha koo, kikajibu kwa sauti nzito ya kiofisi:

"Mwanangu, jambo hili halitaki pupa. Kwanza iundwe kamati."