Kurasa Kumi na Moja za Shangazi Ilka

Asubuhi ambayo Kornél Babinszki aligundua watu wanaoibiwa huku wakishukuru, alikuwa amebakiwa na saa nane tu za kuwa na mahali pa kulala.

Shangazi Ilka, aliyemlea tangu utotoni, alimwekea mezani kahawa, mkate uliopakwa mafuta ya bata bukini, na hukumu.

"Cherehani yangu iwe hapa kabla ya saa kumi na mbili jioni. Isipokuwepo yenyewe, na wewe usiwepo."

"Shangazi, nimeiazima tu."

"Uliiazima kwa mwezi mzima, ukaiazimisha kwa Szilárd kwenye karata. Kunywa kahawa."

Ni kweli. Szilárd, muuza vitu vikuukuu wa soko la mji wao, Tiszavadas, alikuwa ameshinda cherehani ile kihalali, kama kuna uhalali pale karata zinapokuwa na alama mgongoni. Alisema angeirudisha kwa kubadilishana na vitu vingine vinavyouzika. Kornél hakuwa na kitu kinachouzika ila ulimi wake, na saa ya mkononi ya marehemu baba yake. Saa ile hakuwahi kuiweka rehani. Hata tapeli huwa na chumba kimoja moyoni anachokifagia.

Akainua kikombe. Chini yake palikuwa na tangazo: leo, Jumba la Utamaduni, kongamano la siku moja la watafiti wa hisabati ya nukta na mafundo, vitu vinavyohesabika kimoja kimoja. Kando ya tangazo lilikuwa daftari la shangazi la mishono ya lesi, ambalo kwa kawaida hukaa ndani ya kabati na ufunguo wake hukaa kifuani mwa shangazi. Karatasi kumi na moja, zimejaa herufi nne tu, mstari baada ya mstari. Shangazi alikuwa amempa mgongo, anaosha sahani mbili kwa kelele za sahani arobaini.

Kornél akalisweka daftari ndani ya koti. Bahati, alijiambia, humpenda aliyeamka mapema. Ilikuwa saa nne.

Katika Jumba la Utamaduni alikuta watu sitini hivi wenye macho ya watu waliosahau kitu jikoni. Mmoja alivaa soksi mbili zisizojuana. Mwingine alikoroga kahawa kwa kalamu, akailamba, akaandikia. Kornél alianza na ujanja wa darasa la kwanza: akamwendea bwana mnene aliyeitwa Bertalan na pete ya shaba.

"Kaka, nimeiokota mlangoni. Dhahabu tupu! Nina haraka, nipe chochote."

"Ipeleke polisi," alisema Bertalan bila kuinua kichwa, akaendelea kuchora nukta kwenye kitambaa cha meza.

Kornél aliguswa kwa uchungu. Watu hawa hawakuwa na tamaa! Utamtapeli vipi mtu asiyetaka kitu? Alikuwa karibu kukata tamaa na binadamu, ndipo akaona watu watano wakigombea kipande cha chaki. Karibu kupigana. Na ukutani, juu yao, karatasi ya njano:

*Pini hamsini na tatu. Kila pini ifungwe kwa kila mwenzake, kwa nyuzi za rangi nne. Isipatikane popote pembetatu ya rangi moja. Atakayeonyesha jinsi, au atakayethibitisha kuwa haiwezekani, atapewa kibanda changu kando ya mto Tisza, na miti ishirini ya plamu. Profesa Ödön Vadkerti.* Karatasi ilikuwa na umri wa miaka thelathini, na mate ya waliokuwa wakiisoma.

"Kumbe," alinong'ona Kornél. "Kumbe tamaa ipo."

Alimvuta chini ya ngazi Daktari Emőke, mwanamke mrefu mwenye chaki kwenye nyusi.

"Dada, unaweza kutunza siri?"

"Inategemea. Nina wanafunzi."

"Babu yangu alikuwa mlinzi wa kiwanda cha matofali. Kila usiku, kwa miaka arobaini, alikuwa na taa, kalamu, na pini hamsini na tatu." Akachomoa karatasi moja. "Ameacha hii."

Emőke aliangalia. Herufi nne, safu kwa safu. Uso ukampauka.

"Hizi ni rangi. Safu moja kwa kila pini. Ziko nyingine?"

"Hii ndiyo yenyewe. Ndiyo ufunguo. Nyingine ni mapambo."

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu, dada. Ila mjukuu wa mlinzi hutembea kwa miguu..."

Baiskeli ya Emőke ilikuwa nyekundu na karibu mpya.

Kufikia supu ya samaki ya mchana, karatasi zote kumi na moja zilikuwa zimeuzwa, kila moja ndiyo ufunguo, kila mnunuzi akiapa kunyamaza mpaka kaburini. Bertalan, ambaye asubuhi alimtuma polisi, alitoa soseji kubwa ya pilipili ya paprika aliyoibeba kwa ajili ya mama mkwe. Wengine walitoa kofia ya manyoya, saa za mkononi tatu, mwavuli wenye mpini wa pembe, kipimahewa, na kuponi tisa za chakula. Kornél alikula chakula cha mchana mara nne, kwa heshima ya marehemu babu yake, ambaye kwa kweli alikuwa kinyozi.

Saa tisa alikuwa akisukuma baiskeli iliyosheheni kuelekea mlango wa nyuma. Ndani ilianza ile saa wanayoipenda kuliko zote, ambapo kila mtu husimama na kutaja swali asilolijua jibu.

Emőke akasimama. "Wenzangu, nimeapa kunyamaza mpaka kaburini. Lakini nitakufa kabla ya kufika huko. Nina safu tano."

Bertalan naye akainuka: "Na mimi nina tano."

"Muongo! Zangu ndizo ufunguo!"

"Zako ni mapambo, mama. Niliambiwa!"

Watu kumi na mmoja wakasimama, wakatazamana kama wake wenza waliokutana dukani. Kisha, badala ya kuita polisi, wakafanya kosa ambalo watu wale tu ndio wangelifanya: walizipanga karatasi sakafuni wakaanza kuhakiki. Wasomi wenye mvi walitambaa kwa magoti, mmoja akipaza sauti, "Pini ya tisa na ya kumi na sita, kijani! Ya kumi na sita na ya arobaini?" na mwingine akijibu kutoka chini ya piano, "Bluu, asante Mungu!"

Kornél alikuwa mguu mmoja nje. Ndipo akasikia sauti ya mzee Profesa Ödön, mwenye karatasi ya njano, ikitetemeka:

"Inasimama. Hakuna pembetatu hata moja. Ni nani? Ni nani mwenye kazi hii?" Na akauinua ufunguo wa kibanda, wenye kutu, umefungwa utepe.

Kibanda. Paa lake mwenyewe! Hakuna saa kumi na mbili, hakuna hukumu kwenye mkate. Kornél akaiacha baiskeli ianguke, kipimahewa kikavunjika, akapanda jukwaani.

"Ni yangu," alisema. "Hadithi ya babu ilikuwa unyenyekevu tu."

Walimpigia makofi mpaka vumbi likashuka. Halafu wakampa chaki. Kwa maana ndiyo desturi yao: mwenye jambo husimama ubaoni, na mtu yeyote, hata aliyekuja kusinzia, anaweza kumuuliza swali.

"Kuanzia safu ya ishirini na tisa," aliuliza Emőke, "mpangilio unageuka. Kwa nini?"

"Ilibidi," alisema Kornél.

Watu sitini wakaandika: *ilibidi*.

"Ilibidi kwa nini?" aliuliza Bertalan, macho yakimeta.

Kornél alikuwa amewahi kuwauzia watu daraja, farasi aliyekufa na hewa ya milimani ndani ya chupa. Hakuwahi kukutana na watu waliotaka kweli kujua. Wakangoja, kwa upendo, na upendo ule ulikuwa mbaya kuliko rungu.

"Kwa sababu uzi mwekundu uliniishia," ilisema sauti kutoka nyuma.

Shangazi Ilka alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la kanisani. Alipita katikati ya ukumbi, akafungua mkoba, akatandika juu ya piano kitambaa cha lesi cha mviringo, pini hamsini na tatu ukingoni, nyuzi za rangi nne zikikatana kama mvua ya pande zote.

"Nilikuwa nimefika ya ishirini na tisa," alisema, "nikaona nyekundu haitoshi. Nikaugeuza ushonaji ili uzi uliobaki uende mbali zaidi. Pembetatu ya rangi moja huvuta jicho, kitambaa kinaharibika. Mama yangu alikuwa ananichapa vidole kwa hilo. Nani hajaelewa?"

Aliwaonyesha kwa sindano, dakika kumi. Mwishoni Profesa Ödön alikuwa analia waziwazi.

"Mama, kwa nini hukuniandikia?"

"Nilikuandikia. Mara nne."

Mzee alitazama viatu vyake. "Kila mwaka napata barua mia, za watu waliotatua kila kitu. Huwa naziweka kwenye kikapu."

"Umesoma ngapi?"

Mzee akaonyesha sifuri kwa vidole.

"Basi nikaelewa," alisema Shangazi Ilka. "Cha bure hamkisomi. Cha magendo, chini ya ngazi, mnakisoma mkiwa mmesimama. Nikahitaji mwizi. Namshukuru Mungu, ninaye nyumbani."

"Shangazi!" Kornél alishika ubao. "Ulijua nitaliiba daftari?"

"Mwanangu, nimekulea miaka ishirini na sita. Nilichoogopa ni kwamba ungelisahau mezani."

"Na cherehani?"

"Iko chini ya kitanda changu tangu Jumanne. Nilimshinda Szilárd karata. Unadhani zile alama za mgongoni alifundishwa na nani?"

Jioni ile Kornél alirudisha baiskeli, kofia, saa, mwavuli na nusu ya soseji, kila kimoja kwa mwenyewe, akiomba radhi. Ufunguo ulikwenda kwa shangazi. Saa kumi na mbili kamili alisimama nje ya mlango wa nyumba, hajui kama ni wake.

"Utaingia," alisema shangazi, "kwa sharti moja."

Sharti lilikuja na makala ya kutangaza utatuzi ule. Iliandikwa na watu kumi na tatu, kwa kuwa wote kumi na mmoja walitambaa, ukiongeza Kornél na shangazi, na desturi ya kazi ile ni kupanga majina kwa alfabeti, si kwa jasho. Kwa hiyo Babinszki alikuwa wa kwanza, na shangazi, mjane Ilka Zsoldos, wa mwisho kabisa. "Wa mwisho ndiye mwenye ufunguo," alisema, akaenda kuchuma plamu.

Na kwa kuwa jina lake lilikuwa la kwanza, barua za watu waliotatua kila kitu zilianza kuja kwa Kornél. Lile ndilo lilikuwa sharti: kuzisoma zote mpaka mwisho, na kumjibu kila mmoja kwa adabu. Mwanzoni alizisoma kama mtu anayemeza dawa. Baadaye akaanza kukoroga kahawa kwa kalamu.

Majira ya kuchipua ilifika bahasha kutoka mji wa Miskolc, kwa dereva wa tramu aliyestaafu. Ndani ukurasa mmoja wa nukta na mistari, na maneno machache: *Huu ndio ufunguo. Nyingine sita ninazo. Tuma kwanza saa yako.*

Kornél alicheka mpaka akakohoa. Ujanja wa darasa la kwanza! Akausoma tena ukurasa ule, akicheka. Akausoma mara ya tatu, hacheki. Mstari wa nne ulisimama. Wa tano pia.

Shangazi alipoingia na kikapu chake, alimkuta amesimama dirishani, ameusogeza ukurasa kwenye mwanga, na kwa mkono wa pili, polepole, anafungua mkanda wa saa ya baba yake.