Kifua Wazi Ndani ya Nailoni

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Umefika, mjukuu wangu, mume wangu wa uzeeni. Afadhali. Kaa hapohapo ulipolikuta daftari, juu ya mto wako, na usinisingizie kazi. Miezi minane! Hata paka aliyehamia kwa muuza nyama hunipitia kila Ijumaa. Wewe unatuma salamu. Salamu haziwezi kunishikia ngazi.

Sababu naijua. Mara ya mwisho uliamka umejishika kiuno, ukasema kitanda hiki kinakuvunja mgongo. Ukacheka. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo hujalala hapa. Kwa hiyo tatizo ni kitanda, na kitanda nitakipata. Naandika ili ujue bibi yako hakukaa bure. Mwandiko usiucheke. Darasani sikuingia hata siku moja. Herufi nimefundishwa na magunia, miaka arobaini ya kuuza maharage.

Leo kaja Bi Pazia kuomba chumvi. Ni jirani yule ambaye pazia lake halijawahi kutulia. Chumvi anayo. Alitaka tu nijue kwamba mkwewe kauza kaseti ya gemu la zamani kwa mtu anayekusanya vitu hivyo, na hela imenunua friji. Friji yenye taa ndani. Nikampa hongera. Alipotoka tu, nikafungua sanduku la mashuka.

Ile kaseti aliyokuletea mjomba wako ulipokuwa na miaka tisa, ipo. Ulilia siku mbili kwa sababu hatukuwa na mashine ya kuichezea. Ukaapa hutaifungua mpaka mashine ije. Mashine haikuja. Imelala kwenye nailoni yake ya dukani, inanuka nafthalini. Kwenye boksi yuko mwanamume kifua wazi, upanga mkono huu, moto mkono ule, anafukuzwa na mbwa wa chuma. Na nyuma yake theluji. Huyo hana mama.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeipeleka kwa Fundi Simu. Kaipokea kwa ncha za vidole kama kichanga. Kaipiga picha, kaitupa mtandaoni, na kabla sijamaliza kumuuliza ataoa lini, simu yake ikaanza kulia. Mkusanyaji mmoja anakuja Alhamisi. Bei aliyoitaja nilimwomba Fundi airudie, kisha nikamwomba anyamaze, maana mlangoni kulikuwa na watu.

Fundi kasema thamani yote iko kwenye hiyo nailoni, nisiiguse. Nimeitikia. Lakini yeye anajua simu. Wateja nawajua mimi. Sijaona mtu akinunua gunia kwa ajili ya gunia.

Nikaenda moja kwa moja kwa seremala. Ana kitanda cha futi tano kwa sita, mbao nzito. Nimekikalia, nimekilalia, na alipogeuka nimekirukia kidogo. Hakikulia. Hakukubali kuniwekea hivihivi bila chochote, nikamwachia mwavuli wangu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Bi Pazia tena. Safari hii sukari. Habari za kaseti kazipata kwa nani sijui, nadhani kwangu. Kaishika, kaitikisa, kauliza kama nina hakika ndani kuna kitu. Eti mkwewe anasema siku hizi watu wanafungia sabuni kwenye maboksi na kuyauza. Nikamwambia mjomba wako si mtu wa kununua sabuni. Akasema pengine na yeye aliuziwa. Kaondoka na sukari yangu na raha yangu.

Miaka arobaini sijauza nisichokiona. Kila gunia nililichoma bambo, kile chuma cha kuchotea punje za ndani, nikammwagia mteja kiganjani, akaona mwenyewe. Ndiyo maana walirudi. Leo nimuuzie mtoto wa watu sabuni? Aende akanitaje kwao?

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kaja. Mwembamba, mstaarabu, kavaa glavu nyeupe kama daktari. Kanisalimia shikamoo mara mbili. Bahasha kaiweka mezani. Nikaona unene wake, na papo hapo nikakuona wewe juu ya kile kitanda, unakoroma.

Nikamwambia, baba, kwangu hakuna mzigo wa kubahatisha. Nikachukua mkasi, nikaipasua nailoni mbele ya macho yake, nikatoa kaseti nikamwekea kiganjani. Tazama, nikamwambia, nzima, wala si sabuni.

Hakutazama. Alikaa chini. Si kwenye kiti, chini. Akaomba maji kwa sauti ya mtu anayetoka msibani.

Alipopata nguvu akanieleza taratibu. Kaseti kama hii zilizochezwa ziko tele. Ambazo hazijafunguliwa hazizidi vidole vyake, na akanionyesha vidole. Nikamuuliza, yaani unanunua kitu ili usikitumie? Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama ameoa. Akasema bado. Nikasema nilijua.

Nikampakulia maharage, akala. Nikamwongeza, akala huku anaitazama nailoni. Alipoinuka alitoa sehemu ndogo tu ya bahasha, akachukua kaseti, na vile vipande vya nailoni akavikunja vizuri akavitia mfukoni. Maskini. Nimemfungia na maharage mengine ya njiani.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Ile sehemu ndogo imetosha godoro. Godoro tu. Limekuja na plastiki yake. Bi Pazia kanishauri niiache hivyohivyo, godoro lisichafuke. Nimeichana yote. Mgongo wako haulalii plastiki nikiwa hai.

Nimelitandika juu ya kitanda chako kilekile. Bi Pazia kasema ni kofia mpya juu ya suruali iliyochanika. Nikamwambia sukari imeisha, na chumvi pia.

Jioni mvua. Nimekwenda kwa seremala kudai mwavuli, kasema makubaliano ni makubaliano, mpaka nichukue kitanda. Nimerudi nimelowa hadi mawazo.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nilikuwa natafuta foronya kwenye sanduku. Nikakuta shati lako la shule limeviringishwa, zito. Nikaliviringua. Kumbe mjomba wako alileta mbili, na wewe moja ukaificha binamu zako wasiione! Mjanja mkubwa. Ni Kifua Wazi yuleyule, safari hii kampanda mbwa. Nailoni haina hata mkwaruzo.

Fundi Simu kampigia mkusanyaji. Kapiga ukelele mpaka Fundi akaiweka simu mbali na sikio. Anakuja Jumamosi, na hela zitatosha kitanda na kabati juu. Akaomba kuongea na mimi mwenyewe. Kaniambia mara tatu nisiiguse, polepole, kama anayemsihi mtoto aliyeshika kiberiti. Nikaahidi mara tatu.

Na usidhani sijajifunza. Kosa langu lilikuwa kufungua mbele yake. Yule moyo wake mwepesi, hawezi kuona mkasi. Safari hii nitafungua kabla hajafika, nikague kwa nafasi, halafu nailoni niibane kwa pasi, moto kidogo tu, ikae kama ilivyokuwa. Akifika nitamwambia atulie, bibi keshamkagulia.

Ila mkasi wangu umekuwa butu kwa ile plastiki ya godoro. Kwa hiyo uje kabla ya Jumamosi, na uje na mkasi mkali. Na kama umeshafika, umelala juu ya godoro langu unasoma hapa na mkasi huna, inuka. Geuza urudi ulikotoka, ukaulete, ndiyo uje ulale.